Mtumbwi Usiokauka

Mke wa mwanangu si mtu mbaya. Nasema hilo kwanza kwa sababu nilimfokea mbele ya watoto wake, na haikuwa vizuri. Alikuwa akitafuta kuni za kuivishia maharagwe katika jiko la marehemu mama yangu, akainua mkono juu ya kichanja, akashusha ubao mmoja mweusi wenye masizi ya miaka, akausukuma motoni. Mimi nilikuwa nje napepeta mtama. Harufu ilinifikia kabla ya moshi. Haikuwa harufu ya kuni. Ilikuwa ya mafuta ya samaki, yale yanayodondoka polepole juu ya makaa. Niliutupa ungo, nikaingia, nikauchomoa ubao ule kwa mikono mitupu.

"Mama, iko ubao tu," akasema.

"Iko kafi," nikamjibu. "Na wewe iko na macho mawili."

Kafi ni lile kasia fupi la kupigia mtumbwi. Ncha yake ilikuwa imeshaungua kiasi cha upana wa kiganja. Nililizima kwa maji ya kuoshea vyombo, nikakaa nalo mapajani mpaka maharagwe yakaiva kwa kuni nyingine. Mama tulimzika msimu uliopita wa ufuta. Vyungu vyake nimegawa, nguo zake nimegawa. Hili sigawi wala silichomi, na leo nataka kueleza kwa nini.

Wenzangu mliokulia miaka ile ya serikali ya wanajeshi mtanielewa upesi. Vijana watanikata kauli kwa maswali, na wakate tu. Mimi niliishia darasa la tatu. Siandiki kwa madaha. Nitaeleza jinsi ilivyokuwa, na anayetaka kubisha aje Midia tubishane uso kwa uso.

Hapa Midia, upande wa Koboko, ni kwa watu wa mama yangu, na watu wa hapa wanajua mihogo na mtama. Lakini mimi nilizaliwa ukingoni mwa Nile, mbali chini ya Arua, upande wa Rhino Camp, pale ambapo barabara inafika kwenye maji na kukata tamaa. Baba yangu, Andama, alikuwa mvuvi. Alimtoa mama Koboko akamleta mtoni, mama ambaye hakuwahi kuona maji yaliyopita magoti ya ng'ombe. Nyumbani kilisemwa Kilugbara cha baba, Kikakwa cha mama, na Kiswahili cha barabarani, kile cha wanajeshi na wachuuzi. Mama na shemeji zake waligombana kwa Kiswahili, ili kila mmoja apate hasara sawa.

Wavuvi wengine walikwenda wawili wawili na nyavu. Baba alikwenda peke yake na mshipi mmoja, kwa sababu alitaka samaki wa aina moja tu. Samaki huyo ana urefu wa kiwiko mpaka vidole, magamba yake ni ya fedha, na mkia wake ni wa manjano kama ua la boga. Wazee walikuwa na jina lao la kumwita. Sisi watoto tulimwita mkia-njano, na mimi nitamwita hivyo. Mkia-njano haji ukingoni. Anakaa katikati, pale maji meupe na maji ya tope yanapokwenda sambamba bila kuchanganyika, na ukitazama kutoka kilimani unaona mstari kabisa, kama mshono. Hapendi kivuli. Hapendi sauti. Ukitupa jiwe la nanga kwa kishindo, rudi nyumbani ukalale.

Baba aliliteremsha jiwe kama mtu anayemlaza mtoto. Kisha alikaa chini kabisa ndani ya mtumbwi, kichwa tu juu ya ukingo, akafunga mshipi kwenye kidole gumba cha mguu, mikono ikabaki huru kwa kafi. Chambo chake kilikuwa kumbikumbi, mmoja kwa ndoana, akielea na mabawa yake kama aliyeanguka mwenyewe. Kidole kikivutwa, huvuti. Unashusha pumzi moja, yote, ndipo unavuta.

Nilijuaje yote hayo, mimi msichana? Nilikuwa mtoto wake pekee, na baba hakuwa na mwingine wa kumweleza. Alikuwa akinikalisha ukingoni, akinifunga uzi kidoleni, akinifumba macho kwa kitambaa cha mama, halafu anajificha nyuma ya matete akivuta. Kidogo tu: huo ni upepo. Mara mbili haraka: ngege mdogo, samaki wa ukingoni, anachezea. Mara moja, nzito, kama mtu anayekuita bila kutaka wengine wasikie: huyo ndiye. Nikikosea alinirushia tope. Lakini kafi hakunipa. Kafi lilikuwa la wanaume. Mwanamke alivushwa, hakuvuka.

Siku moja alipanda lori kwenda soko la Arua na magunia mawili ya samaki wa moshi. Jioni lori likarudi. Dereva alimshushia mama magunia mawili matupu, yamekunjwa vizuri, na hakumtazama usoni. Alisema walisimamishwa njiani, watu watatu wakaambiwa washuke. Akawasha gari.

Hakuna aliyeuliza. Mliokuwepo mnajua. Kuuliza kwenyewe kulikuwa kosa.

Siku nne baadaye baba mdogo, Onzima, mdogo wake baba, alikuja na wanaume watatu, wakauvuta mtumbwi wa baba mpaka kwenye nyasi na kuupindua. Ulikuwa mwandamo wa mwezi. Niwaeleze desturi ya wavuvi wa ukingo ule, maana hata huko nasikia imekufa. Mvuvi akifa, mtumbwi wake unalazwa kifudifudi mwezi mzima ukauke. Mwezi mpya ukionekana na mtumbwi ukiwa mkavu, mambo yamekwisha: ndugu anauinua, unakuwa wake, na mjane ananyolewa, watu wake wanaitwa kumchukua. Mama angerudi Koboko. Mimi ningebaki, kwa sababu mtoto ni wa upande wa baba.

Mama alisimama mbele ya mtumbwi na kumuuliza shemeji yake ni nani aliyeuona mwili. Baba mdogo hakuwa mtu mkatili. Imenichukua miaka mingi kulikubali hilo, na sasa naliandika. Alimjibu taratibu, kwa kile Kiswahili chao cha hasara sawa:

"Kiden, sikia. Mwanamke ya mutu ya kufa, watu nakuja na chakula. Mwanamke ya mutu ya kupotea, watu nakuja na gari. Wewe nataka gari?"

Kwa hiyo ilikuwa salama baba awe amekufa. Akiwa amepotea, alikuwa swali, na swali lilikuwa linakaa nyumbani kwetu.

Mimi yote hayo sikuyaelewa. Nilikuwa na miaka kama tisa au kumi, na nilielewa kinyume. Sikudhani mtumbwi umepinduliwa kwa sababu baba amekufa. Nilidhani baba atakufa kwa sababu mtumbwi umepinduliwa. Ulipogonga ardhi ulitoa mlio, ule mlio wa gogo tupu, nikajishika kifua. Nilijua kabisa kwamba huko aliko, wakati ule ule, mtu amemwangusha kifudifudi na anavuta pumzi kwenye vumbi. Sikulia. Nilie kwa nini? Kulikuwa na kazi.

Kesho yake, kabla ya jua, nilikwenda na mti mrefu nikauchomeka chini ya ukingo na kuupindua mtumbwi utazame juu. Ilinichukua muda mpaka kuku wote wa kijiji walikuwa wameshuka. Baba mdogo akaja akaulaza tena. Kesho yake nikauinua. Akaulaza. Siku ya tatu alinipiga kofi moja, si la hasira, la kunichosha, akasema hata nikiuinua mara mia haihesabiwi, mtumbwi umekauka na unaendelea kukauka.

Nilikwenda kwa mama na shavu langu. Alikuwa anasaga ufuta. Hakuuliza nani amenipiga. Alisema, akiendelea kusaga, kwamba watu wa mto wana sheria zao na yeye si wa mto, lakini ana masikio. Mtumbwi ukienda mtoni na kurudi na samaki kabla ya mwezi kuandama, hesabu imevunjika. Hauwezi kulazwa siku hiyo. Wakitaka, waanze upya mwezi mwingine.

"Ukilowa kwa mvua?"

"Mvua haina samaki."

"Nani ataupeleka mtoni?"

Mama aliacha jiwe la kusagia, akanitazama kidole gumba cha mguu. 

Alfajiri ya kesho yake aliniamsha akiwa ameshatoka na kurudi, miguu yake imelowa umande. Mkononi alikuwa na kopo la kumbikumbi. Alikuwa amekaa kwenye kichuguu akigonga vijiti juu yake, kama tunavyofanya huku kwetu, ili wadudu wadhani mvua imenyesha na watoke. Kafi la baba lilikuwa limeegemezwa mlangoni. Alinisaidia kuusukuma mtumbwi mpaka majini, mama yangu wa Koboko aliyeogopa maji, akaingia mpaka kiunoni, na alipouachia alirudi nyuma haraka kama aliyeachia mkia wa mnyama.

Siku ile ya kwanza sikuvua kitu. Nilizunguka. Mtumbwi wa mtu mmoja ni kama mbuzi mkaidi, ukimpiga kushoto anakwenda kulia na anataka kujua kwa nini. Nilizunguka mbele ya wanaume wote wa ukingoni mpaka nikajikamatia kwenye mafunjo na kujivuta kwa mikono hadi nchi kavu. Walicheka mpaka wakakaa. Baba mdogo peke yake hakucheka. Alikausha mtumbwi kwa majani na kuulaza.

Baada ya kama wiki mbili nilileta ngege wanne. Niliwashika juu nikipita. Mzee mmoja wa nyavu akasema binti Andama amevua mboga ya paka. Baba mdogo aliwatazama wale samaki, akatikisa kichwa.

"Ngege iko ya ukingo," akasema. "Hata kuku nakamata ngege. Hii boti haikutoka mtoni, ilitoka kwa matope. Lete mkia-njano, mimi nitakubali ilifika katikati."

Akaulaza tena. Wanaume walimkubalia, kwa sababu alisema kweli na alisema mbele ya mashahidi. Nadhani alitaka kunizuia kwa kitu nisichokiweza. Hakujua kwamba amenipa kile hasa nilichofundishwa.

Zilibaki siku kama kumi. Mwezi ulikuwa unapungua, nao ulinitia kiwewe. Kila nilipouona asubuhi bado uko angani, mwembamba kuliko jana, nilisikia kama mtu anakata kipande cha baba. Kila alfajiri mama na kopo lake. Kila alfajiri tunauinua mtumbwi, tunausukuma, na kila nikirudi mtupu baba mdogo anaukausha. Tulikuwa kama watu wawili wanaogombania blanketi. Viganja vyangu vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakaota mengine. Shangazi zangu walimwambia mama kwamba ananipeleka kwa mamba kwa mikono yake mwenyewe. Mama aliwajibu kwamba mamba angalau anaonekana.

Nilijifunza kwenda moja kwa moja. Nilijifunza kupita mbali na viboko, ambao waliota kwenye kona ya chini kama mawe yenye masikio. Asubuhi moja jiwe moja lilizama karibu nami, na nikaona mapovu yanakuja mstari mmoja kuelekea mtumbwi. Niliweka kafi ndani, nikajilaza chini kabisa, uso wangu kwenye maji machafu ya ndani ya mtumbwi, nikasema kwa sauti ya chini majina ya watu wote wa kwetu niliowajua, kuanzia babu. Mtumbwi uliinuka kidogo upande mmoja, ukarudi. Nilipoyamaliza majina na kuinua kichwa, kiboko alikuwa ametokea ng'ambo, ananitazama kama mtu aliyepishana nawe sokoni. Nilirudi nyumbani nikiwa nimejikojolea. Kesho yake nilikwenda tena. Niliogopa sana, hilo silifichi. Lakini nilichoogopa zaidi kilikuwa pale kwenye nyasi, kifudifudi.

Zilipobaki siku mbili nilifika kwenye mshono wa maji. Hakukuwa na upepo. Niliteremsha jiwe kama nilivyomwona baba akiteremsha, mkono kwa mkono, mpaka kamba ikalegea. Nikakaa chini. Nikafunga mshipi kidoleni. Kumbikumbi wa mama akaelea, akapiga bawa moja, na mimi nikafumba macho, kwa sababu nikiwa na macho wazi sikujua kitu. Nilijifunza gizani mwa kitambaa.

Kidogo: upepo. Mbili haraka: ngege, mpuuzi, pita. Jua likapanda. Mgongo ukaniuma. Nzi akakaa kwenye midomo yangu na sikumfukuza. Halafu ikaja ile moja. Nzito. Ya kuitwa.

Nitawaambia nilichofikiri, mcheke. Nilifikiri ni yeye. Nilifikiri baba yuko nyuma ya matete mahali fulani, anavuta uzi, ananijaribu. Nikashusha pumzi moja, yote, mpaka tumbo likashikana na mgongo. Nikavuta.

Mshipi ulinikata. Mpaka leo kidole gumba changu cha mguu wa kulia kina pete ya ngozi nyeupe, kama kimeolewa. Samaki alikimbia chini ya mtumbwi, akageuka, akaruka mara moja juu ya maji, na nikauona mkia ule wa ua la boga, wazi kabisa, dhidi ya maji ya tope. Nilimvuta kwa mikono yenye malengelenge, nikamwangukia kwa kifua. Tulilala hivyo mimi na yeye, tunapumua. Kisha nikaweka chambo kingine. Baba hakurudi na mmoja tu hata siku moja, na mimi nisingekwenda kumtia aibu. Nilipata watatu.

Ukingoni walikuwepo wote. Alikuwepo pia Mama Furaha, mchuuzi kutoka Kongo, mwanamke mpana mwenye baiskeli na vikapu viwili, aliyekuwa akiwanunua mkia-njano wote wa baba na kuwalipa kwa chumvi. Mnakumbuka chumvi ilivyokuwa miaka ile. Watu walilamba majivu. Mama naye alisimama nyuma yake, mikono kifuani.

Nilishuka, nikawaweka samaki watatu kwenye nyasi, mikia yao kwa baba mdogo. Damu ya kidole ilikuwa imenijaza mguu. Hakuna aliyecheka.

Baba mdogo alishika ukingo wa mtumbwi. "Hii samaki nani alikupa?"

"Boti ya baba."

"Baba yako alikufa, toto."

Hapo Mama Furaha akaegemeza baiskeli yake. Alikuja polepole, akainama, akafungua shavu la samaki mmoja kwa kidole kuona wekundu wake, akainuka.

"Onzima, wacha mutoto apumuzike. Hii samaki iko ya leo. Minanunua. Na minanunua kwa jina ya Andama, sawa kila siku."

"Andama alikufa, Mama."

"Mutu ya kufa haiuzishe samaki," akasema. "Weye ulishaona wapi?"

Akafungua kikapu na kupima chumvi palepale, kikombe, kikombe, kikombe, juu ya jani, mbele ya wanaume wote, na kila kikombe alisema jina la baba yangu kwa sauti, jina ambalo hakuna aliyelitaja kwa sauti tangu lori lirudi. Yule mzee wa mboga ya paka alitia mkono ndani ya mtumbwi, akautoa, akauonyesha. Ulikuwa unatiririka maji.

Baba mdogo aliachia ukingo. Alimsogelea mama na kusema kidogo, nikasikia kwa sababu nilikuwa chini yao nikikusanya chumvi: wakija wenye gari kuuliza, yeye atajibu nini?

"Wewe sema Andama iko mtoni," mama akasema. "Mtumbwi si uko majini?"

Mwezi uliandama siku mbili baadaye. Niliutazama nikiwa nimesimama mbele ya mtumbwi uliofungwa majini, kafi mkononi, nikingoja mtu yeyote aguse kamba. Hakugusa mtu.

Toka siku hiyo nilivua. Sikwenda tena shule, kama mnataka kujua darasa la tatu liliishia wapi. Kila mwezi mtumbwi ulikuwa majini, na kila mwezi baba yangu hakuwa amekufa, na mama alilala kwenye kitanda chake mwenyewe. Na wenye gari walikuja kweli, mara moja. Vijana wawili wa jeshi, mmoja na miwani. Walimuuliza baba mdogo yule Andama yuko wapi, maana jina lake lilikuwa limeandikwa mahali. Nilikuwa natengeneza mshipi hatua tano kutoka pale. Baba mdogo alitazama maji, akasema, "Iko mtoni," na akaendelea kushona wavu.  Walinywa maji, wakaondoka. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo, mimi na yeye, mpaka anazikwa. Lakini tangu siku ile nilimpelekea kichwa cha samaki kila Jumamosi.

Miaka ikapita, nikawa msichana mkubwa, na vita ikapanda kutoka kusini ikatufikia. Watu walikimbia na magodoro vichwani. Kila mmoja alitaka mtumbwi, na askari waliokuwa wanakimbia waliutaka zaidi. Mimi niliuingiza wa baba kwenye mafunjo, nikaujaza mawe, moja moja, nikauzamisha. Ulikwenda chini bila mlio. Kisha nikachukua kafi, mama akachukua sufuria, tukafuata njia ya Kongo pamoja na wengine. Tuliporudi baada ya miaka hatukurudi mtoni. Tulikuja hapa Midia, kwa watu wa mama, wote wawili, kwa miguu yetu, bila mtu kuitwa kutuchukua.

Sasa lile ambalo mke wa mwanangu hajui.

Mama alipokuwa mgonjwa, ugonjwa ule wa mwisho, aliniita jikoni, palepale, akasema kuna jambo anataka kuniomba samahani. Nilidhani ni mambo ya shamba. Akasema siku ya pili baada ya lori kurudi, kabla baba mdogo hajapindua chochote, Mama Furaha alipita nyumbani na kikapu. Chini ya chumvi alikuwa amefunga makubadhi ya baba, yale ya matairi, kisigino cha kushoto kimeshonwa kwa waya. Aliyaokota kando ya barabara. Aliona na yaliyokuwa karibu nayo. Alimweleza mama yote, na mama akachimba chini ya mafiga yake akayafukia, akapika juu yake mpaka vita.

Kwa hiyo alijua. Kila alfajiri ile ya kopo na umande, alijua. Mimi nilidhani halii kwa sababu anaamini kama mimi. Hakulia kwa sababu jiko lilikuwa hatua tatu kutoka mlangoni kwa shangazi zangu, na masikio yao yalikuwa marefu.

Nilimuuliza, na sikumuuliza kwa upole, kwa nini aliniacha niende kwa viboko kumwokoa mtu aliyekwisha kufa.

Alikuwa amebaki mifupa, lakini macho yake yalikuwa yale yale ya kwenye jiwe la kusagia.

"Ulikuwa unaniokoa mimi," akasema. "Ningekuambia, ungepiga kafi vile?"

Nilikasirika siku tatu. Sitadanganya. Nilimwogesha, nikamlisha uji, na nikakasirika. Siku ya nne nilikaa mlangoni kutazama kidole changu cha mguu, na hasira ikanitoka. Wale wenye gari walichukua mtu barabarani, na walitaka sisi wenyewe tumalize kazi: tumlaze, tumnyoe mama, tugawane, tunyamaze. Mwanamke mmoja aliyeogopa maji, Mkongo mmoja na baiskeli yake, na mtoto mmoja ambaye hakuelewa kitu, tulikataa kuwamalizia. Makosa yangu ya utoto sijutii. Mtu mzima mwenye akili asingekwenda katikati ya mto ule.

Leo watu wazima wenye akili wameniambia kafi limeungua, halina kazi tena, na huku Midia hakuna mto wa kulitia. Nimewasikiliza mpaka mwisho. Mtumbwi wenyewe uko chini ya mafunjo ya Nile na mawe yangu ndani yake, na haujakauka hata siku moja.

Asubuhi nilichota maji kisimani, nikajaza ndoo. Nikalichovya kafi, ncha ile iliyoungua kwanza, nikalishika humo mpaka lilipoacha kutoa mapovu. Kisha nikalisimamisha mlangoni kwangu, linadondoka, na nikamwambia mke wa mwanangu kwamba kesho nikiwa shambani, kulilowesha ni kazi yake.

Akaniuliza mpaka lini.

Nikamwambia achote maji.